Damira Aliyeruka Kamba Uani

Mwanamke wa Kochkor, mji mdogo wa milimani Kirgizia, akionekana anakimbia barabarani, watu hutoka na ndoo za maji. Hawaulizi kitu. Wanajua kuna nyumba inaungua, maana hakuna jambo jingine la kumkimbiza mke wa mtu mwenye miaka arobaini na ushei. Kwa hiyo daktari wa hospitali ya wilaya, kijana mpole aliyeletwa kutoka Bishkek, alipomwambia Damira akimbie kidogo kila asubuhi ili pumzi yake irudi, Damira alimtazama kwa huruma.

"Nikimbie wapi, daktari?"

"Popote, mama. Hata barabarani."

"Na nikiulizwa moto uko wapi?"

Kijana akafikiri. Hakuwa mjinga, alikuwa mgeni tu. "Basi ruka kamba," akasema. "Uani kwako, kama wasichana wa shule. Mapafu hayajui tofauti."

Kichomi kilichomwondolea pumzi hiyo Damira alikipata Januari, kwenye msiba. Dada yake mama mkwe alifariki, na kama ilivyo ada, wanawake wa ukoo walipika nje uani katika baridi ya kupasua mawe, watu wakaja, wakala, wakalia, wakaondoka. Damira alisimama kwenye sufuria kubwa la nyama tangu alfajiri, jasho kifuani, barafu mgongoni. Baada ya hapo alilazwa mpaka akazoea sura za wauguzi wote, na aliporudi nyumbani hakuweza kupanda ngazi za barazani bila kushika nguzo. Kifua kilipiga filimbi. Daktari alimwambia wazi kwamba kama filimbi hiyo haijanyamaza ifikapo Juni, asithubutu kwenda malishoni.

Hapo ndipo palipouma. Mwanzo wa Juni familia hupakia hema la sufu kwenye lori na kuvuka milima mpaka ziwa Song-Kul, kwenye nyasi za juu, kule hewa ilipo nyembamba kiasi kwamba birika huchemka kabla halijapata moto sawasawa. Damira hukamua farasi majike na kuchachusha maziwa yao yawe kimizi, na watu wa mahema jirani hukubali, wengine kwa kinyongo, kwamba kimizi chake hakina mpinzani. Huku chini mjini yeye ni mkwe. Ameolewa zaidi ya miaka ishirini na bado anakaa karibu na mlango, anamimina chai, anangoja wengine waanze kula. Huko juu hema ni lake, moto ni wake, na akisema leo hakuna anayekwenda popote, hakuna anayekwenda. Anayedhani kiangazi kimoja cha namna hiyo hakiwezi kumshibisha mwanamke mwaka mzima, huyo hajawahi kuwa mkwe wa mtu.

"Kama huwezi, tutamchukua mke wa binamu," alisema Tologon, mumewe, mtu mwema asiyejua kuzunguka maneno. "Yeye kifua anacho."

"Kifua anacho, na mkono je? Mkono wake mzito. Farasi wangu watampiga teke wiki ya kwanza."

"Basi pona," Tologon akasema, akaendelea kula.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa kamba yenyewe. Madukani zilikuwepo za watoto, fupi, zenye vishikio vya rangi ya waridi, na Damira aliona heri kichomi kirudi kuliko kuonekana ameshika kitu kile mbele ya muuza duka. Lakini kibandani nyuma ya nyumba ilining'inia kamba ya zamani ya watoto wa farasi. Kamba hiyo, ndefu, ya manyoya ya farasi na sufu, hutandazwa chini kule malishoni na kukazwa kwa vigingi, na watoto wa farasi hufungwa hapo mchana ili mama zao wasiende mbali na mkamuaji. Ina heshima zake. Siku ya kwanza hupakwa siagi. Haivukwi hata siku moja. Unaizunguka, hata kama umebeba ndoo mbili na mvua ya mawe inakutwanga kichwani, kwa sababu anayevuka kamba ya mifugo amevuka bahati ya mifugo. Kila mtoto wa pale hulijua hilo mapema, na Damira alilijua kwa kofi la bibi yake.

Lakini mwenye shida hupata akili za ajabu. Damira alilipima jambo lile akikanda unga, akalipima tena akikamua ng'ombe, hatimaye akatoa hukumu iliyomfaa: kamba ile ilikwisha staafu, maana Tologon alishasuka mpya, na zaidi ya hayo, anayeruka kamba haivuki, anasimama palepale alipo. Akachukua kisu cha nyama, akakata kipande. Sisi majirani tulipokuja kuambiwa tulishika vichwa.

Mazoezi yenyewe yalikuwa vituko. Kamba ile nene, yenye manyoya ya kuchoma viganja, haikuzunguka, ilianguka tu. Mara ya kwanza ilipiga ndoo. Mara ya pili ilimchapa kuku, kuku akahama kibanda. Mara ya tatu Damira aliruka kwa nguvu zake zote, juu, kama mtu anayeruka mfereji, akatua kwa visigino ndani ya viatu vyake vya mpira, na kamba bado iko mgongoni, haijaamua. Akaketi juu ya gunia la viazi, kifua kikipiga filimbi, akangoja dunia itulie, akainuka tena. Alifanya hivyo kila siku alipopata nafasi, na kitu pekee alichofanikiwa kupata ni alama nyekundu kwenye miundi.

Mama mkwe wake, Sairakan, alikuwa amepita miaka themanini. Alikuwa na nyonga iliyovunjika kwenye barafu na kuungwa vibaya, ndiyo maana hakwenda tena malishoni, na alikuwa na masikio yasiyosikia mtu akimwomba kitu ila yanasikia kifuniko cha sukari kikifunguliwa vyumba vitatu mbele. Alisikia vishindo kibandani, akaja na mkongojo wake.

"Damira. Hiyo nini mkononi?"

"Kamba, mama."

"Kamba gani?"

Manyoya yalijieleza yenyewe.

"Umeikata," Sairakan akasema.

"Ilikuwa imezeeka, mama."

"Hata mimi nimezeeka. Utanikata?"

"Mama, daktari amesema—"

"Daktari amesema uivuke kamba ya farasi?"

"Siivuki. Hebu tazama. Mimi nimesimama hapa hapa, siendi kokote. Kamba ndiyo inanivuka mimi, inapita juu, inapita chini. Kama kuna mwenye haki ya kukasirika hapa, ni mimi."

Ni lazima isemwe kwamba kwa muda mfupi Sairakan alikwama. Aliitazama kamba, akamtazama mkwe wake. "Maneno hayo umefundishwa hospitalini," akasema mwishowe. "Asiyesikia la mkuu," akaanza, akaishia hapo, akaelekeza mkongojo kwenye miundi ya Damira ili methali ijimalizie yenyewe.

Jioni ile ng'ombe aligoma kutoa maziwa. Huenda ni kwa sababu mkamuaji alikuwa na hasira, maana ng'ombe huwa wanajua, lakini hakukuwa na mtu pale wa kusema hivyo. Sairakan aliwasha matawi makavu ya mreteni, mti wa kufukuzia mabaya, akafukiza kibanda, akafukiza zizi, akamfukiza na Damira mpaka akakohoa kuliko wakati wa kichomi. Kisha akamwamuru aoke mikate saba ya sadaka na kuipeleka nyumba saba, kama inavyofanywa mtu akitaka balaa lipite kando.

Sasa, sadaka ya mikate saba haitolewi kimyakimya. Jirani anapokea, anamega, anauliza, "Ya heri au ya shari?" na mwenye mkate mkononi hasemi uongo. Kwa hiyo Damira alifika kwa Salkyn, nyumba ya kwanza, akaulizwa, akasema kweli. Salkyn alimwombea heri kwa sauti nzuri sana, kisha akapitia mlango wa nyuma. Damira alipofika nyumba ya tatu, wa nyumba ya tano walikuwa wamekwisha toka getini wanamngoja, nyuso wamezitengeneza tayari. Dawa ndiyo iliyotangaza ugonjwa.

Nyumba ya saba ilikuwa ya Ergesh. Huyu alikuwa mwalimu wa ndondi, pua yake imelala upande mmoja wa uso na haijaamka tangu ujana, na bado alifundisha mabondia kwenye ghala la zamani la sufu karibu na soko.

"Mkate wa nini, shemeji?"

Damira alikuwa amechoka. "Nimekata kamba ya watoto wa farasi, nimeiruka, ng'ombe amegoma. Pokea."

Ergesh akapokea kwa mikono miwili, akamega, akatafuna kwa adabu. "Ulishika wapi?" akauliza.

"Nilishika nini?"

"Kamba. Ulishikaje?"

"Niliizungusha viganjani, hivi."

"Na ulikuwa unaruka juu kiasi gani?"

Damira akamwonyesha kwa kiganja, usawa wa goti.

Ergesh akafumba macho kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba. "Ng'ombe yuko sahihi," akasema. "Hata mimi ningegoma. Njoo kesho baada ya chai. Mke wangu atakuwepo."

Mke wake, Anipa, alikuwepo kwelikweli, na ilibidi awepo, maana mtaa mzima ulikuwa na macho. Aliketi kwenye kigoda katikati ya uwanja wa nyumba yao na karai la viazi mapajani, akimenya, na hakuna aliyeweza kusema kwamba mke wa Tologon amekwenda kwa mwanamume. Ergesh akatoa kamba nyembamba ya plastiki yenye vishikio viwili vya mbao vilivyolainishwa na majasho ya mabondia, na ndani ya kila kishikio beringi ndogo, ili kamba ijizungukie bila kujisokota.

"Kanyaga katikati kwa mguu mmoja. Nyanyua vishikio."

Vikafika masikioni.

"Hii ya bondia mrefu. Kwako vifike kwapani, visipite. Kamba ndefu inamfanya mtu atapanye mikono kama anayefukuza nzi." Akaifungua, akaipunguza, akafunga fundo. "Sasa vua hivyo viatu. Hivyo ni vya kufuatia ng'ombe."

Akapewa raba za zamani za binti yao. Juu ya tope Ergesh akalaza mlango wa zizi uliong'olewa, kwa sababu, alisema, anayeruka juu ya saruji anauza magoti, na anayeruka juu ya tope anajizika. Damira akapanda juu ya ule mlango akiona aibu mpaka kwenye nywele, akainua kamba.

"Weka chini. Leo huna kamba. Ruka tu."

Akaruka.

"Kidogo."

Akaruka kidogo.

"Kidogo zaidi, shemeji. Hakuna mfereji hapo. Kiasi cha kupitisha mkate bapa chini ya raba, basi. Na usitue na visigino, tua na hizi nyama za mbele, magoti yalegee. Kisigino kikigusa, umelala."

Ndivyo ilivyokuwa mpaka wiki ikaisha. Wiki iliyofuata alipewa kamba, lakini vishikio vyote viwili mkono mmoja, kamba izunguke kando ya mguu, yeye asikilize tu inavyogonga ubao. Ergesh alikuwa amekaa kando anakunywa chai. "Kamba ikigonga, wewe ndipo unatoka chini," alisema. "Usiisubiri uione. Mwenye kuiangalia kamba imeshampita." Kisha mkono wa pili. Kisha, hatimaye, kuruka.

Hapo mabega ya Damira yakakataa. Alizungusha mikono yote, kuanzia shingoni, kama anayesukasuka mfuko wa ngozi wa kimizi. Ergesh alitazama kidogo, akaenda kwenye karai la mkewe, akachukua viazi viwili, akampa Damira abane kimoja kila upande, kati ya kiwiko na mbavu.

"Zungusha kwa vifundo vya mikono peke yake. Kiazi kikianguka, umekosea."

Viazi vikaanguka, vikabingirika topeni. Vikaokotwa, vikabanwa, vikaanguka tena. Anipa alikuwa akiviokota, anavifuta kwa aproni, anavirudisha karaini. "Mchuzi wa leo umefanya mazoezi," akasema.

"Macho yako wapi, shemeji?"

"Miguuni."

"Miguu haitoroki. Tazama ukuta ule. Na funga mdomo, pumua kwa pua. Anayeongea huku anaruka ni mbunge."

Siku ambayo kamba iliacha kuwa adui, hakuna aliyetangaza. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, theluji ya mwisho inadondoka kutoka paani, na Damira akaona kwamba ubao unagongwa, unagongwa, unagongwa, na yeye yupo juu kila unapogongwa, na viazi viko mahali pake. Hakuwahi kuruka kamba utotoni. Wenzake walipokuwa wanaruka uwanjani shuleni yeye alikumbuka kofi na kusimama pembeni. Alifurahi mno, furaha ya kitoto, mpaka akaona haya mbele ya Anipa. Filimbi ilikuja, lakini ilichelewa kuliko jana.

Habari zikamfikia Sairakan, akaja mwenyewe kukagua. Alivuka barabara kwa mkongojo, akaingia uwanjani kwa Ergesh, akainyoosha ile kamba mikononi, akainusa.

"Imefunga nini hii?"

"Haijafunga hata kuku, mama," Ergesh akasema. "Imetoka kiwandani."

"Kiwanda cha wapi?"

"China."

"China hawana farasi?"

Ergesh aliyepigana na watu wa kila aina akarudi nyuma hatua moja. Anipa ndiye aliyemwokoa. "Mama, kamba ni ile iliyofunga mnyama," akasema bila kuinua macho. "Hiyo ni uzi tu."

Sairakan akaivuta tena, akaitazama kwenye mwanga. "Uzi," akakubali kwa shingo upande, akairudisha.

Ungedhani mambo yameisha. Damira akahamishia mazoezi uani kwake, mlango wa zizi ukahamishwa, na hapo ndipo Sairakan alipoanza upya. Mara kuruka kunatikisa figo. Mara kivuli cha kamba kinapita juu ya tanuru la mikate. Mara Damira anaruka akiwa ameelekea dirisha, na ndani ya dirisha ukutani kuna picha ya marehemu baba mkwe, je, mkwe gani anarukaruka mbele ya baba mkwe wake? Damira akaugeuza mlango uelekee zizini. Basi sasa anampa mgongo marehemu. Akauweka upande. Sairakan akasema upande ndiko upepo unakotokea.

"Ni wivu," Damira alimwambia Anipa siku moja, amekereka kwelikweli. "Yeye hapandi tena, kwa hiyo hataki na mimi nipande. Anataka wote tukae hapa tuoze."

"Labda," Anipa akasema, akaendelea kumenya.

Mei ikasogea. Tologon alikuwa ameshatoa nguzo za hema na kuzikagua, ameshapiga simu kuagiza lori, na mke wa binamu alikuwa ameanza kuuliza kule juu simu inashika sehemu gani. Damira aliruka asubuhi akaruka na jioni. Usiku aliweka kiganja kifuani akasikiliza. Haikuwa kazi ya mchezo. Wakati mwingine alimaliza akiwa na hasira ya kutaka kuitupa kamba juu ya paa, na kesho yake akaanza tena kwa sababu alijiona akiwa mjini mwezi wa Julai, amekaa karibu na mlango, anamimina chai, na huko juu mtu mwingine anawashika farasi wake.

Siku moja wakati wa chakula cha jioni Sairakan akaweka kijiko chini.

"Abebe debe la maziwa lililojaa mpaka kwenye mlingoti wa televisheni kule kilimani," akasema. "Asilitue njiani. Akifika, aende. Akitua, abaki, na lisisemwe tena."

"Mama, kilima kile hata mimi—" Tologon akaanza.

"Wewe hujaugua."

"Nimekubali," Damira akasema.

Asubuhi yake mtaa ulikuwa na kazi nyingi sana magetini. Salkyn alikuwa anafagia mahali alipokwisha fagia. Damira alipita na debe lake, kitambaa amekifunga nyuma ya shingo, raba miguuni, Tologon kando yake. Njia ya mlingotini huanza taratibu kisha inasimama wima. Tologon alimtia moyo kwa maneno mengi: polepole, usihofu, tumebakisha kidogo, ukichoka sema. Damira alifumba mdomo, akavuta hewa kwa pua, akabana viwiko mbavuni, akatazama mlingoti wala si miguu, na hatua zake zilikuwa fupi, za mbele ya wayo, zinagonga ardhi kwa mwendo mmoja. Alibadilisha mkono, hakutua. Katikati ya kilima akagundua kwamba mumewe amenyamaza. Karibu na kilele akamsikia yuko nyuma.

Alipofika aliweka debe kwenye zege la mlingoti, akasimama, akasikiliza. Moyo ulikuwa unapiga, pumzi inaingia na kutoka, nyingi, nzito, lakini hakukuwa na filimbi. Akasikiliza tena kuhakikisha. Chini ulikuwepo mji na mapaa yake ya bati, na ng'ambo ile milima, bado ina weupe juu. Damira akalia kidogo, kwa furaha. Tologon alikuwa ameketi chini akihema, akajifanya anakagua nyaya.

Walipokuwa wanashuka mumewe alimpokea debe, akamwambia atampigia binamu. Damira alitembea akiwa ameshaanza kupanga: siagi, ngozi mpya ya kuchachushia, chumvi ya farasi.

Alipofungua mlango wa nyumba alimkuta mama mkwe wake ameketi mahali pake, palepale karibu na mlango, mbele ya birika. Peke yake. Bakuli mbili za chai ziko tayari.

"Kaa kule juu," Sairakan akasema, akionyesha upande wa ndani, wanakokaa wakubwa na wageni.

"Mama, niache nimimine mimi."

"Kaa."

Damira akakaa, bila kujua aweke wapi miguu.

"Umefika?"

"Nimefika, mama."

"Hukutua?"

"Sikutua. Tologon shahidi, ingawa yeye ndiye aliyekaa chini."

Sairakan hakucheka. Akamimina chai nusu bakuli, akampa. "Nilikuwa naomba usifike," akasema.

Damira alidhani hajasikia vizuri.

"Tangu ulipotoka hospitali. Kila swala. Siyo ufe, Mungu apishe mbali. Kifua chako kisifunguke tu mpaka vuli, kisha kifunguke." Alisogeza bakuli la sukari, akalirudisha lilipokuwa. "Dua la kuku."

"Nimekukosea nini, mama?"

"Hujanikosea. Kila kiangazi mlipoondoka, dada alikuja na godoro lake. Tukagombana mpaka mnarudi. Alikuwa anakoroma, anaficha miwani yangu, anatia chumvi kwenye kila kitu. Mwaka huu lori likiondoka, mimi nitabaki na saa ya ukutani."

Damira akakumbuka ule msiba wa Januari. Ukoo mzima ulimlilia yule dada. Walichinja, walipika, walisoma dua, waligawa nyama kwa ukoo na kwa mtaa, hawakusahau hata mtu wa mbali. Hakuna aliyeuliza nani atalala nyumba hii mwezi wa Julai. Hata yeye aliyesimama kwenye lile sufuria hakuuliza.

"Ungeniambia."

"Nikuombe wewe? Nimekuamuru miaka yote hii, nianze uzeeni kukuomba? Nilitaka Mungu akukataze, mimi nisihusike."

Hasira ilimpanda Damira: ile mikate, ule moshi, ile picha, huyu bibi anainua mikono kwa Mungu ili mtu asipone. Kisha akatazama mikono yenyewe, mishipa juu juu, imeshika mpini wa birika, na hasira ikamshuka, akabaki na huruma na aibu tu. Akafungua mdomo aseme atabaki. Neno lilifika kwenye meno. Alilitaka na hakulitaka, yote mawili kwa nguvu sawa.

Sairakan akainua kiganja.

"Usiseme," akasema. "Ukisema nitakubali."

Damira akafumba mdomo. Alifumba upesi kuliko alivyopenda, na alijua kwamba mama mkwe wake ameuona upesi ule. Akamaliza chai, akanyoosha bakuli kama mtu anayeomba tena.

Kochkor chai humiminwa nusu bakuli, ili mtu aombe tena na azidi kukaa. Bakuli la kujaa hupewa mgeni ambaye wenyeji wamekwisha muaga. Sairakan, ambaye hakukosea ada hata moja maishani mwake, alimimina mpaka ukingoni, akaongeza tena kidogo, chai ikafurika na kumwagikia kidole gumba cha Damira. Ilikuwa ya moto. Damira hakuondoa mkono.